Ekseli kwa Friji ya Kasyoki

Jumanne, tarehe 15 Aprili mwaka 2025, saa tatu asubuhi, fundi Muasya alilala chali chini ya gari la Bi Kalekye katika gereji yake nyuma ya mtaa wa Woodley, akaona kitu kilichomfanya asahau kuinuka. Bi Kalekye, muuza mayai kutoka Mutuini, alikuwa ameliacha gari abadilishiwe pedi za breki tu. Lakini ekseli yake ya nyuma iling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Haiya," Muasya aliiambia ekseli. "Na wewe ulikuwa umejificha wapi?"

Yafaa msomaji aelezwe kwamba Muasya hakujiona mwizi. Mwizi huchukua kitu akaacha pengo. Muasya kila mara aliacha kitu kingine mahali pake, na kwa hilo alijiweka miongoni mwa waungwana.

Siku hiyo alikuwa na mteja mwingine, Bwana Lenox wa Loresho, mwenye gari la aina ileile, jeupe vilevile, ila la miaka ya nyuma kidogo. Ekseli yake ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Lenox alitaka ekseli mpya bila kutoa pesa. Badala yake alileta sofa la ngozi la watu watano, ambalo mkewe Wanjira, aliyekuwa safarini, hakuwa ameambiwa kwamba limehama.

Kufikia saa nane, ekseli ya Bi Kalekye ilikuwa kwa Lenox, na ya Lenox kwa Bi Kalekye. Bolti zilikubaliana. Kilichokataa ni waya. Magari yote mawili yalikuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga na kuteleza dereva akanyagapo breki ghafla; lakini ABS ya moja haikuwa ya lingine, na kichwa cha waya wa huku hakikuingia katika tundu la kule. Basi taa ya njano ya onyo ikawaka kotekote. Katika gari la Bi Kalekye, Muasya aling'oa balbu. Kwa Lenox ilibidi atumie mdomo, maana mwenyewe alikuwa ameshafika.

"Muasya, hii taa mbona haizimi?"

"Bosi, hiyo ekseli imetoka Japani juzi. Bado ni mgeni. Ikizoea gari itazima yenyewe."

"Itazoea lini?"

"Inategemea vile unaiendesha. Ukiiendesha na heshima, wiki mbili."

Maneno hayo yalimfikia Bi Kalekye, ambaye alikuwa amerudi kulichukua gari lake na ameketi ndani, dirisha wazi, akisali. Sala yake ya safari ilikuwa na utaratibu. Alizungusha ufunguo nusu, taa zote za dashibodi zikawaka, naye akaiombea kila moja. Kwa taa ya betri aliomba nguvu. Kwa taa ya oili aliomba afya ya magoti. Kwa ile ya ABS aliombea miteremko ya kwenda mjini wakati wa mvua, kwa sababu trei sitini za mayai zikiteleza hazibaki mayai, na mwenye kuziendesha huenda asibaki pia. Leo alifika kwenye ombi hilo, akakosa taa ya kuiombea.

Alishuka, akainama. Chini, waya ulining'inia, umeviringwa utepe mweusi, na ekseli iliyokuwa pale haikuwa ile yake ya kung'aa.

Angeweza kupiga kelele. Lakini Muasya angeapa kwamba gari lilikuja hivyohivyo, Lenox angeondoka na ekseli hadi Loresho, na kesho alfajiri mayai yangeshuka mjini kwa breki za kubahatisha. Bi Kalekye akavaa uso wa unyonge.

"Muasya mwanangu, ubarikiwe. Gari limetulia."

"Mwaitu, si kazi yangu unaijua!" alisema Muasya, akimwita mama kwa Kikamba.

"Sasa shida ni dada yangu Kasyoki, kule Machakos. Gari kama langu, mwaka kama wangu. Anatafuta ekseli yenye waya zake za ABS, hapati. Anasema atakayempatia atampa friji yake."

"Friji gani?"

"Ya milango miwili. Na mahali pa kutengeneza barafu."

Muasya alilitazama sofa lake pale chini ya bati. Ghafla aliliona lilivyo: sofa bila soda baridi ni benchi la zahanati. Tena hapa angemuuzia mwenye mali mali yake, jambo ambalo katika taaluma yake ni sawa na kupata shahada.

"Ikipatikana leo, Mwaitu?"

"Uifunge kwa gari langu, fundi wake ataitolea huko. Na taa zote ziwake, huyo dada ni mtu wa kukagua. Hii yangu utanitunzia."

"Kama mboni ya jicho," alisema Muasya, kisha akamgeukia Lenox. "Bosi, nimefikiria tena. Hiyo taa ni mbaya. Gari inaweza kukutupa mtaroni."

"Si umesema ni mgeni?"

"Kuna wageni wabaya, bosi. Nakurudishia ekseli yako na sofa yako. Sitaki dhambi."

Lenox, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa amepigiwa simu na Wanjira kwamba amefika Limuru, karibu kabisa na nyumbani, alikubali kabla sentensi haijaisha.

Muasya alifungua, akafunga, akaiosha ekseli kwa petroli, akarudisha balbu. Saa kumi na mbili kasoro, Lenox alikwisha kwenda, sofa likimfuata kwa pikapu. Bi Kalekye aliwasha gari. Taa ya njano ikawaka, ikazima. Akaenda hatua chache, akakanyaga breki kwa nguvu kwenye matope. Gari likasimama papo hapo.

Muasya akaja dirishani, akipangusa mikono. "Sasa Mwaitu, friji inafika lini?"

"Siku Kasyoki atakapozaliwa. Mama alizaa wanne, na msichana ni mimi peke yangu."

"Aki Mwaitu! Na ekseli?"

"Imerudi kwao, hapa chini yangu. Asante kwa kuiosha."

Wewe uliyefika hapa, usiikalie habari hii peke yako: msomee jirani mwenye gari kabla hajamwachia mtu ufunguo.