Ukifunga, Nitamwiga Nani?

Karakana ya Useremala,
Ng'ambo ya barabara,
Mkabala na dirisha lako la vitanda.

Kwa Meneja wa Duka Kubwa.

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Fununu kwamba unafunga duka bila kunishirikisha

Pokea salamu za ujirani. Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, mama mkwe analalamika magoti lakini chakula kinapita. Huenda hunijui kwa sura, ingawa mimi nayajua mashati yako yote, maana ukitoka nje kuongea na simu husimama mbele ya karakana yangu, na lile la mistari ningekushauri ulipumzishe. Mimi ndiye seremala wa ng'ambo. Wateja huniita Fundi Nusu Bei, na jina hilo, kama utakavyoona, nimelipata kwa hisani yako.

Naandika nikiwa na uchungu. Mtaani kuna maneno kwamba duka lako linafungwa kwa sababu ya hali ngumu ya uchumi. Niliyasikia kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa upande mmoja, na sikuweza kusubiri upande wa pili. Nilivuka barabara hivyo hivyo kuja kuhakikisha. Mlinzi wako wa mlangoni aliponitazama kichwa alinipisha bila kunipekua. Ndani nikakuta nusu ya taa zimezimwa, mashine za ubaridi zimenyamaza, na rafu ya sabuni imepangwa safu moja tu ya mbele. Nilipenyeza mkono nyuma ya zile sabuni ukaenda mpaka kwapani bila kugusa kitu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili limeshafika kwenye sabuni.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu. Nimeyawekea namba ili usipate taabu ya kuyajibu.

1. Kwamba sikuulizwa.

Ndugu Meneja, sisi wawili tuna biashara moja. Wewe unaweka kitanda dirishani na kukibandika bei. Mteja anaingia, anakilalia, anakisifu, kisha anageuza kile kikaratasi cha bei na kushika kifua. Anatoka nje kutafuta hewa. Hewa, kwa bahati nzuri, iko mbele ya karakana yangu. Namwekea kigoda, nampa maji ya kunywa, namuuliza ni kipi kilichomtenda hivyo. Baada ya wiki mbili anapata kitanda kile kile kwa nusu ya bei. Yeye amefurahi, mimi nimefurahi, na wewe umesifiwa kwa kuonyesha vitu vizuri. Sioni aliyeonewa.

Sasa ukifunga, mteja atakuja kwangu moja kwa moja na kusema anataka kitanda. Nitamuuliza cha namna gani. Atasema chochote. Katika ufundi wangu wote sijaona kitanda kigumu kutengeneza kama chochote. Halafu ataniuliza bei, nami nitamjibu nusu. Ataniuliza nusu ya nini. Mimi sijawahi kuwa na bei, Ndugu Meneja. Nina nusu tu, na bei yenyewe iko kwako.

2. Kuhusu vipimo, na afya ya mama mkwe.

Miaka yote nimeheshimu katazo lako kwamba mtu asiingie dukani na futi ya kupimia. Mlinzi ni shahidi. Badala yake naingia na familia. Mke wangu hulala kwenye vitanda. Namjua urefu wake kutoka kisigino hadi utosi, kwa hiyo kinachobaki juu ya kichwa napima kwa ngumi na kazi imekwisha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa makabati. Anaingia, anafunga mlango, anakunjua viwiko, anatoka na jibu. Siku moja muuzaji wako alifungua kabati la milango mitatu ili awaonyeshe bwana na bibi waliokuwa wanajiandaa kuoana, wakamkuta shemeji humo ndani. Hakubabaika. Aliwapa habari za mchana, akawahakikishia kuwa humo kuna nafasi na hewa inaingia. Walivutiwa sana na maelezo yake, wakaja kuagiza kwangu.

Makochi ni ya mama mkwe. Hesabu yake ni rahisi: mama mkwe na kiganja kimoja kila upande, hicho ni kiti cha mtu mmoja. Lakini hapo ndipo nilipopata hasara kubwa. Kochi lako la rangi ya maziwa nililipima akiwa na afya yake kamili, kisha akaugua tumbo, na mimi bila kufikiri nikalijenga akiwa amepungua. Viti vilitoka vyembamba. Mteja mmoja, mwalimu mkuu, alipotaka kuinuka kumpokea mgeni aliinuka na kiti. Tangu hapo mama tunamlisha kwa uangalifu mkubwa asizidi wala asipungue, naye amekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu anajua anachobeba. Je, ukifunga, mama huyu ataambiwa ajizuie kula kwa ajili ya nini?

3. Kuhusu meza yako ya mviringo.

Hili nililinyamazia kwa muda kwa sababu ya ujirani. Ile meza ya mviringo iliyokuwa karibu na ngazi ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo watu wako waliweka kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne. Mimi ni mwaminifu katika kuiga, siongezi wala sipunguzi. Nilitengeneza meza saba, kila moja na mguu wake mfupi na boksi lake. Watu walizipenda. Muuguzi mmoja alirudi analalamika kwamba yake haina boksi, kwamba nimemuuzia bandia. Kumbe lilidondoka njiani wakati wa kubeba. Nilimkunjia jingine na nikamwomba radhi.

Tatizo ni kwamba ukiondoka, meza hizo zitabaki mjini bila mzazi. Siku moja atatokea mjuaji atakayeuliza kwa nini zinayumba, na hakutakuwa na duka la kumpeleka ili aone kwamba ndivyo zilivyo. Lawama yako itakuwa yangu. Hii si haki, na sidhani kama ulilifikiria.

4. Kuhusu sababu inayotolewa.

Wanasema watu hawanunui samani kwa sababu mifuko imekauka. Samahani, lakini hilo siwezi kulikubali. Mimi mwaka huu nimeuza vitanda vingi kuliko mwaka jana na mwaka juzi. Watu wananunua! Kwa hiyo tatizo si uchumi. Tatizo ni kwamba kuna mtu anakula wateja wako, na wewe umekaa ofisini unalaumu uchumi, ambao hauwezi hata kujitetea.

Kikulacho ki nguoni mwako, Ndugu Meneja. Chunguza watu wako. Kwa upande wangu nimekusaidia kadiri ya uwezo. Benchi langu linatazama mlango wako, na tangu nisikie fununu hizi nimeacha kazi kabisa nikawa nawaangalia wanaoingia na wanaotoka. Wanatoka mikono mitupu, hilo ni kweli, na inasikitisha. Lakini hawaendi mbali. Huyo adui sijamwona, ila nikimwona nitakuwa wa kwanza kukuletea habari.

5. Kuhusu nyumbani kwangu.

Hapa naomba uniruhusu niseme bila mzaha. Naogopa. Mikono yangu inajua kazi, lakini macho yangu yamezoea kuona kitu kwanza. Juzi nilijaribu kubuni kiti changu mwenyewe, kisichotoka kwa mtu. Nilikaa na penseli tangu asubuhi mpaka mke wangu alipokuja na chai, akakitazama kile nilichochora, akauliza kama nimeanza kufuga mbuzi. Tulicheka wote wawili, kisha yeye akaacha kucheka. Akakaa juu ya rundo la mbao akatazama kwenye dirisha lako, akasema: "Wale wakifunga, baba, sisi tutafungua nini?"

Karakana hii ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo dawa ya magoti ya mama, ndiyo heshima yangu mbele ya shemeji ambaye anaishi kwangu na kula kwangu na bado ananiita bosi. Sina kingine. Najua duka ni lako na mtu hufunga chake anapotaka. Lakini mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na mimi kama ulivyosikia nimeshanyolewa upande mmoja.

Baada ya kusema hayo, naleta mapendekezo ya kukuokoa. Nimeyafikiria sana.

Kwanza, pandisha bei. Najua wataalamu watakushauri ushushe, usiwasikilize. Ukipandisha bei, nusu yangu nayo inapanda, na mmoja wetu angalau atakuwa ameona faida. Pili, kama umeme umekuwa mzigo, zima duka zima ubakize dirisha la vitanda, na sehemu ya makochi mpaka saa kumi, mama akishamaliza. Tatu, mke wangu apewe kitambulisho cha kazi. Amelala dukani kwako kwa bidii na bila likizo kuliko wafanyakazi wako wengi, na wengine nimewaona kwa macho yangu wamesimama tu. Nne, si lazima uuze. Nimetafakari nikaona kuuza ndiko kunakokuchosha. Wewe onyesha tu, kuuza niachie mimi, kama tulivyokuwa tunafanya tangu mwanzo bila kuandikiana.

Nimeshaongea pia na majirani. Kinyozi, fundi viatu na mama wa maua wamekubali kuja kwa zamu kushika vitu, kuuliza bei na kutikisa vichwa, ili wakubwa wako wakija kukagua wakute duka limejaa. Wote ni wazoefu. Hawatanunua kitu, kwa hiyo hawatakusumbua na risiti.

Na ikiwa mambo yatafika pabaya kabisa, niko tayari kufanya jambo ambalo halijapata kufanywa na mtu yeyote wa nyumba yangu, yaani kununua kitu dukani kwako. Mke wangu amependekeza kijiko. Shemeji anasema tusiwe na haraka. Bado tunashauriana, na tukifikia uamuzi tutakuarifu kwa maandishi.

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya watu wote waliopata kulala, kukaa na kujifungia dukani kwako, nakusihi usifunge. Mji usio na duka la kuigwa ni mji wa watu wanaokaa chini. Subira yavuta heri, na mimi nitaendelea kuivuta kutoka huku ng'ambo kadiri utakavyobaki wazi.

Nisalimie mlinzi wa mlangoni, mwambie kichwa kinaendelea vizuri. Nisalimie muuzaji wa makabati, na umweleze kwamba shemeji anamwomba radhi kwa ule mshtuko. Wasalimie wafagiaji, mafundi wa taa kama bado wapo, na wale akina dada wa sehemu ya malipo, ambao kwa bahati mbaya sijawahi kupata sababu ya kufahamiana nao. Salamu ziwafikie pia mkeo na watoto. Mama mkwe anakusalimu sana, anauliza yale makochi mapya ya ngozi yanafika lini ili ajue ale nini.

Wako katika ujirani na katika biashara,

Fundi Nusu Bei
(Seremala)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha msaidizi wako alipoingia karakanani. Amesema umemtuma wewe mwenyewe. Anataka mbao za kuziba madirisha yote ya duka, ya mbele, ya pembeni na ya nyuma, pamoja na milango ya kupakulia mizigo, na zipigiliwe kabla ya mwisho wa mwezi. Tangu nishike msumeno sijapata kazi kubwa namna hii. Nilimweleza kwamba haiwezekani, kwa kuwa niko katikati ya barua muhimu. Akauliza kama anaweza kumpata fundi mwingine mtaani. Nilimwekea kigoda.

Vipimo amekuja navyo vimeandikwa, hakuna aliyelazimika kulala mahali popote. Kisha akaniuliza bei. Nikamuuliza madukani zinauzwaje, akasema hakuna duka linaloonyesha mbao za kuziba duka. Nilipapasa penseli sikioni mpaka mke wangu akanikanyaga mguu. Basi nikataja bei, Ndugu Meneja, bei nzima, ya kwangu mwenyewe. Hakushika kifua. Alilipa sehemu papo hapo akaondoka, na mke wangu akanitazama kama siku ile nilipokwenda kwao kumposa.

Kwa hiyo hayo ya juu yapokee kama salamu tu za jirani. Fununu ni fununu, na mtu mzima hafuati maneno ya kinyozi. Ninachokuomba sasa ni usiyumbe. Wakitokea watu wa kukushawishi ubaki wazi, hasa huyu wa viatu na mama wa maua, usiwape nafasi hata ya kukaa. Funga, ndugu yangu, funga vizuri. Mbao nimeshakata.