Nafasi ya Mfalme Mzee

Jumatatu, 17 Mei 1484
Leo nimeamua. Uso wangu utaingia ukutani.
Kanisa la mtaa wetu hapa Florence linachorwa Mamajusi wakimsujudia Mtoto. Mchoraji ni Maestro Ugolino. Huchukua nyuso za watu wa mtaani akawapa watakatifu, ndiyo desturi. Mwashi amekuwa Yusufu. Mke wa muuza mishumaa amekuwa malaika, na matusi yake ya sokoni tunayajua sote. Amebaki mfalme mzee, yule anayepiga magoti mbele kabisa, taji mkononi. Nani mtaa huu ana uso wa kifalme kunishinda mimi? Nimewauliza watu kisimani. Wamenyamaza. Maana yake wamekubali.
Sina mtoto wa kiume. Nikifa, jina la Cambio mtia rangi nguo litafutika kama vumbi la mlangoni. Ukuta haufi.
Nimemweleza binti yangu Piera mezani, kwa kirefu. Akaniambia maharage yanapoa.

Jumanne, 18 Mei
Nimempelekea Maestro bata bukini wa kuchoma. Amemla wote, akanyonya na mifupa. Kisha ndiyo akaniambia mfalme keshapatikana. Lapo. Lapo mwoka mikate!
Nikamwambia uso wa Lapo ni kama unga usioumuka. Akasema ndiyo maana anaupenda, umetulia. Wangu hautulii. Nikatulia palepale ili aone. Akauliza kwa nini nimebana pumzi.
Nikabaki kumtazama akifanya kazi, nipate makosa yake. Sikupata. Asubuhi fundi wake hupaka lipu mbichi, kipande kidogo tu, kama mtu anayeogopa gharama. Kumbe ndicho kipande ambacho Maestro ataweza kukimaliza kabla hakijakauka. Rangi inanywewa na lipu mbichi, inakauka nayo, inakuwa jiwe. Ukichelewa, imekula kwako. Na yeye hachelewi, wala mkono hautetemeki. Amechora mkono wa Bikira Maria ulioshika nguo ya Mtoto, na mkono ule umechoka. Umechoka kama wa mama yeyote aliyekesha na mtoto. Nimetia rangi nguo maisha yangu yote, sijui uchovu unatiwaje.
Fundi wa aina hii hazaliwi mara mbili. Ila kwa Lapo amekosea, na mimi nitamsaidia.

Alhamisi, 20 Mei
Kesho Lapo anakwenda kukaa achorwe. Mpango wangu ni mzuri sana. Nimemwalika mchana huu kunywa divai, mtungi mzima, ili kesho aamke na uso uliovimba kama chura. Alifurahi. Aliniita ndugu yake. Akaniuliza kama ninaumwa, maana hajawahi kuona divai ikitoka nyumbani kwangu bila mtu kufa.
Nilikunywa naye ili asishuku.

Ijumaa, 21 Mei
Nilisahau kwamba mwoka mikate halali usiku. Lapo alikwenda tanurini, divai yote ikamtoka kwa jasho, akaja kanisani alfajiri mashavu yameiva kama tufaha. Maestro akamshukuru Mungu kwa rangi ile. Mimi niliamka jua liko juu, kichwa kinachemka kama pipa la rangi.
Nimefika kanisani wamekwenda kula. Hakuna mtu. Lapo yuko ukutani.
Nilisimama. Huyu Lapo namjua tangu ujana, anayepunguza uzito wa mkate na kumsingizia panya. Pale ukutani anamtazama Mtoto kama mtu aliyechelewa maisha yake yote na bado akakuta amengojewa. Macho yalinitoka machozi. Chokaa ile, inawasha.
Basi nikapanda jukwaa kumrekebisha. Nilikuwa na kichupa cha wekundu wangu, ule uliovalisha maaskofu. Lipu bado mbichi. Nikasema moyoni, rangi ni rangi, na kwa rangi nani atanifundisha? Nikampa pua yangu. Nikamwongezea nyusi zangu. Alipendeza, kwa muda wa kusali Baba Yetu moja. Kisha pua ikaanza kugeuka zambarau. Nikaifuta kwa kidole. Lipu ikatoka, ikaondoka na jicho.
Maestro aliingia akitafuna.

Jumamosi, 22 Mei
Leo ndiyo naweza kuandika yaliyofuata. Maestro alinieleza, kwa sauti iliyofika sokoni, kwamba chokaa mbichi huharibu rangi za nguo. Udongo na mawe yaliyosagwa ndiyo hustahimili. Hata mwanagenzi wa siku moja anajua, alisema. Kazi ya siku nzima ikabanduliwa kwa patasi, Lapo akaitwa akae tena.
Nilidhani Lapo atanipiga. Aliutazama ukuta, akasema, "Cambio, ndugu yangu, maadui huchongeana tu. Wewe umeniwekea na pua yako?" Watu walicheka mpaka padre.
Maestro hakucheka. Alinishika kidevu, akanigeuza upande wa dirisha, akachukua karatasi na kaa la kuchorea. Akasema nibaki hivyohivyo, nisifunge mdomo. Nilikuwa sijui kama uko wazi.

Alhamisi, 27 Mei, Sikukuu ya Kupaa Bwana
Pazia lililofunika ukuta limeondolewa. Watu wakasukumana kuona.
Lapo ni mfalme, mzuri kuliko mara ya kwanza. Nyuma yake yuko mvuta ngamia. Ngamia mwenyewe ana sura ya nyumbu, Maestro hajawahi kuona ngamia, lakini manyoya yake unataka kuyashika. Na mvuta ngamia ni mimi. Kamba imenilegea mkononi, macho yamenitoka, mdomo wazi, namtazama Mtoto. Ni mimi kuliko mimi nilivyo. Malaika wa mishumaa alisema hata ukutani Cambio hafungi mdomo.
Piera alisogea karibu, akakaa sana pale. Akasema hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimtazama mama yake. Nilimwambia asimame kando, anawazibia watu.
Nimepima kwa jicho, tena kwa uangalifu. Lapo amepiga magoti, mimi nimesimama. Kwa hiyo nimemzidi. Nimemwambia hivyo mlangoni, akasema na ngamia amenizidi mimi.
Watawa wa ng'ambo ya mto wanataka kuchorewa Uumbaji wa Ulimwengu. Nimesikia Mungu Baba bado hajapata uso. Tangu leo nimeacha kunyoa.