Uzi Shingoni mwa Sarma

Jumatano, Machi 1.

Baridi. Jua la kudanganya. Leo kijiji kizima kimefungana nyuzi za Machi, nyekundu na nyeupe, mkono kwa mkono, afya na heri. Mimi, mkuu wa stesheni mstaafu, miaka thelathini na nne bila treni hata moja kuchelewa kwa kosa langu, nina mkono mtupu. Uzi wa Machi mtu hajifungi mwenyewe; hufungwa na anayemtakia mema. Marehemu mke wangu, Minka, alikuwa akinifunga kabla sijanywa kahawa. Binti yetu kule Ujerumani amenitumia picha ya uzi kwenye simu. Nimemshukuru. Picha haifungiki mkononi.

Nimenunua uzi mmoja na kumfunga paka. Ni mpango, si mapenzi tu. Sarma alikuwa paka wa Minka. Tangu mazishi, majira mawili ya baridi sasa, anakula kwangu asubuhi na kulala kwa jirani, Bi Zoya, ng'ambo ya ukuta. Bi Zoya humwita Bibie. Bibie! Sasa kila mtu ataona uzi na kujua paka ni wa nani. Namtaka alale hapa. Nyumba ina vyumba vitatu na saa ya ukutani, basi.

Saa tisa Sarma kapanda ukuta, kashukia kwa Zoya. Uzi wangu ulimpendeza.

Ijumaa, Machi 3.

Uchokozi! Sarma amekuja kula akiwa na nyuzi mbili. Wangu, na mwingine mpya chini yake, wenye ushanga wa buluu, umezungushwa mara tatu shingoni. Mrefu mno kwa paka. Mwanamke hajui hata kupima.

Nimelielewa tangazo hilo la vita. Nimeukata kwa mkasi wa kupogolea na kuutupa kwenye lundo la mbolea, chini kabisa, chini ya maganda ya viazi. Kisha nimekunywa rakia kidogo, pombe kali ya matunda, kwa ushindi. Sarma ameniangalia kama mkaguzi wa reli.

Jumapili, Machi 5.

Bi Zoya amechungulia juu ya ukuta. Akaniuliza kama paka hajaniletea kitu. Huku anautazama mkono wangu! Nikamjibu kwamba Sarma huniletea panya, tena wanono, kwa sababu kwangu alifunzwa kazi. Akawa mwekundu. Akasema, "Haya, jirani, kula panya wako kwa amani," akaanza kukung'uta zulia. Amelikung'uta saa nzima. Zulia lenyewe lilikuwa safi toka mwanzo.

Nadhani nimemshinda.

Alhamisi, Machi 9.

Mpango wa pili. Nimesoma kwamba paka hawezi kuupita mzizi wa valeriani, harufu yake humvuta. Nimepanda miche sita chini ya dirisha, nikaponda mizizi kidogo ili harufu itembee, nikaketi kumsubiri.

Saa nne: paka wawili nisiowajua. Saa tano: sita. Saa sita mchana: kumi na mmoja! Yule chongo wa kanisani alikuwamo. Wakagaagaa, wakaimba, wakapigana. Kisha wakahamia kwenye tulipu. Tulipu za Minka, machipukizi ya kwanza kabisa, alizipanda kwa mikono yake vuli ile ya mwisho. Nimewafukuza kwa ufagio, kwa ndoo, kwa filimbi ya stesheni. Walipoondoka, nusu ya safu ilikuwa imelala chini.

Sarma hakuja. Alitazama yote kutoka ukutani kwa Zoya, miguu kaikunja.

Nimekaa kwenye ngazi. Sikulia. Ilikuwa baridi, na macho yangu hutoka maji kwenye baridi.

Bi Zoya akapita pale ukuta ulipobomoka, bila kukaribishwa, na fungu la vijiti na uzi wa katani. Akapiga magoti akaanza kuzisimamisha, moja moja. Nikamwambia sikuomba msaada. Akasema bila kugeuka, "Ndiyo shida yako, Bwana Dobri. Mtu akitaka kitu anaomba. Mdomo umepewa wa nini, kupulizia filimbi?" Nikamwambia sitaki kitu. Akafunga tulipu ya mwisho akaenda zake.

Kumi na tisa zimepona. Nimezihesabu mara mbili. Nilipaswa kusema asante.

Jumamosi, Machi 18.

Siku nyeusi. Naiandika ilivyokuwa.

Chama cha wastaafu kilitembea hadi bwawani kumtafuta korongo wa kwanza. Mwenyekiti ni Vulko, mfuga nyuki, ambaye hupewa uenyekiti kwa sababu huleta asali kwenye kila uchaguzi. Mpango wangu ulikuwa safi. Anayemwona korongo huvua uzi na kuufunga kwenye mti uliochanua. Nikimwona wa kwanza, mbele ya mashahidi kumi na wawili, nitarudi, nitamvua Sarma uzi, nitaufunga kwenye mplamu wangu. Baada ya hapo nani atabisha? Avuaye uzi ndiye mwenye paka.

Nilitembea mbele ya wote. Upepo, matope, mierebi yenye manyoya ya kijivu. Nikaona kitu cheupe kwenye kiota cha mwaka jana, juu ya nguzo ya umeme. Kinasogea! Nikapiga filimbi. Nikapaza sauti: korongo!

Furaha! Watu wakakumbatiana. Wanne wakavua nyuzi zao papo hapo. Bi Petrana, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, akaubusu wake akaufunga kwenye tawi.

Ulikuwa mfuko wa mbolea.

Vulko alikuwa na darubini. Alingoja hadi wote wamalize kufunga ndipo akasema. "Dobri, ndugu yangu, korongo wako kaandikwa kilo ishirini na tano." Bi Petrana akaniuliza nani sasa atamrudishia heri yake ya mwaka. Nikamfungulia tawini, vidole vimeganda, nikamfunga tena mkononi. Akanipiga kofi dogo shavuni, kisha akanipa yai la kuchemsha.

Wakati wa kurudi nilibaki nyuma makusudi. Bi Zoya naye akabaki. Akanigawia banitsa yake, mkate wa tabaka; jibini ilikuwa bado ya moto katikati. Tukatembea. Halafu akauliza, taratibu, kwa nini sikuuvaa.

Nikauliza, kuvaa nini?

Uzi, akasema. Ule wenye ushanga wa buluu. Aliusuka kwa kipimo cha mkono wa mwanaume akamfunga Sarma auvushe. Alisema tangu tumzike Minka geti langu limefungwa kwa kufuli na kengele imeng'olewa. "Nikaangalia huku na huku. Njia iliyobaki wazi kwenda kwako ni paka tu."

Loo, Dobri! Mrefu mno kwa paka!

Nikamwambia nimeuhifadhi mahali salama.

Jumapili, Machi 19.

Nimekuwa ndani ya lundo la mbolea tangu saa moja asubuhi. Kwa uma, kisha kwa koleo, kisha kwa mikono. Maganda, majivu, maganda, kijiko cha Minka kilichopotea tangu mwaka juzi. Nimekifuta na kukitia mfukoni. Sarma alikaa juu ya toroli akisimamia kazi.

Saa nane nikauona ushanga. Uzi ulikatwa mahali pamoja tu, asante Mungu. Nimeuosha kwa sabuni mara tatu. Nyekundu imebaki nyekundu. Nyeupe imekuwa rangi ya chai.

Lakini mtu hajifungi mwenyewe. Nimesimama kwenye geti la Zoya robo saa. Nilikuwa nimeandaa kisingizio kuhusu baridi yabisi ya vidole. Akafungua kabla sijabisha, akatazama uzi, akanusa. Akauliza mahali hapo salama ni wapi, mbona pananuka minyoo. Nikakiri yote. Mkasi, viazi, rakia ya ushindi. Alicheka hadi akashikilia geti. Kisha akaunga pale palipokatwa kwa fundo, akanifunga, akavuta kidogo kuhakikisha. Mikono yake ilikuwa na joto na unga.

"Si ungesema tu, Bwana Dobri? Ukitaka kitu, omba."

Nimekubali. Nimeelewa. Nimetia kengele mpya getini.

Jumamosi, Machi 25.

Korongo wamefika. Wa kweli. Mmoja amesimama juu ya bomba la moshi la Vulko anagonga mdomo toka alfajiri. Kijiji kizima kinavua nyuzi. Mimi natembea nikitazama viatu: asiyemwona korongo havui. Vulko amenipigia kelele njia nzima: tazama juu, kipofu wewe! Sikutazama. Mplamu wangu nao umechanua wote, unangoja uzi. Sasa naingilia mlango wa nyuma.

Jioni Zoya amekuja kwenye ukuta. Akauliza kama nimemwona korongo. Nikasema bado. Korongo akapita juu yetu, chini kabisa, mabawa yanavuma. Zoya akatazama tulipu zangu.

"Hata mimi bado," akasema. Uzi wake ulikuwa mkononi.

Nimefurahi. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayeona.

Kesho nataka twende naye mlimani kuchuma maua ya manjano, sisi wawili. Inabidi kuomba. Ukuta unanifika kifuani, ningeweza kuita. Lakini mbona nijihatarishe? Ipo njia iliyokwisha kufanya kazi. Nimeandika barua: saa mbili asubuhi getini kwangu, kisha mlimani, sisi wawili tu, nitaleta mtindi, moyo wangu umechangamka kama bustani. Sikuandika jina, langu wala lake, mtu mwenye busara haachi ushahidi. Nimeifunga shingoni mwa Sarma. Kaondoka mkia juu.

Jumapili, Machi 26.

Saa mbili kamili kengele mpya ikalia. Nikafungua nikiwa nimevaa tai shingoni.

Vulko. Naye na tai. Kikapu cha mayai, chupa ya asali, barua yangu mkononi, na macho ya mtu aliyeguswa. Akasema mwandiko wangu aliutambua mara moja, ila hakuwa akijua nimelichukua jambo la mfuko wa mbolea kwa uchungu kiasi hicho. Akasema hakuna aliyemwandikia maneno kama hayo tangu jeshini.

Kumbe paka ana nyumba ya tatu! Kule anaitwa Jenerali.

Zoya alikuwa ukutani, kajiinamia, mabega yanatikisika. Alipopata pumzi akachukua skafu yake akasema hatuachi mayai yaharibike. Tumekwenda watatu. Vulko kaeleza habari za nyuki njia nzima. Zoya alinishika kiwiko kwenye mteremko, na tulipofika chini hakuachia. Kwenye njiapanda akaninong'oneza kwamba yeye yupo nyumbani kila siku, na kengele anayo pia.

Nimelifikiria sana. Kosa halikuwa la mpango. Kosa lilikuwa kutoandika jina. Nimeandika barua nyingine, kuhusu Jumapili ijayo, "Kwa Bi Zoya" kwa herufi kubwa. Sarma ametoka nayo saa kumi, mkia juu, kuelekea kwa Vulko.