Wa Tatu Bure

Jumapili, 3 Agosti

Mimi ni mume wa mtu! Leo ni siku yangu ya kwanza nzima. Niliamka kabla ya jogoo wa jirani nikabaki kumtazama Rwamba akilala. Anakoroma kidogo tu, kama chai inayoanza kuchemka. Nilitamani kuita Nkubu yote ije isikie.

Sasa habari kubwa. Fungate! Nimetulipia meli. Si mashua. Meli, ya ghorofa mbili, ile mpya inayozunguka bwawa kule chini Mbeere. Siku nne. Chakula mara nne kwa siku, kula mpaka ushindwe, na hiyo mara ya nne ni kuanzia saa tano usiku hadi saa nane, kwa wale wasiopenda kulala. Hicho cha usiku ndicho kilichonimaliza. Hoteli gani nyingine inakupa kuku saa saba usiku bila kuongeza hata shilingi? Na tangazo lilikuwa na mstari wa mwisho, mzuri kuliko yote: lipa wawili, wa tatu bure!

Rwamba aliuliza wa tatu ni wa nini kwenye fungate. Nilimweleza kwa upole kwamba cha bure kikiachwa ni hasara. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, siachi hata msumari uliopinda. Nikamwambia achague mwenyewe, yeyote ampendaye duniani. Nilijua atamchagua mdogo wake Lorna, ambaye hula kama ndege. Alinirukia shingoni akalia machozi ya furaha. Mke wangu ni malaika.

Amemchagua mama yake.

Jumanne, 5 Agosti

Sijalala vizuri. Mama mkwe wangu, Mama Ciakuthii wa Kanja, ni mtu mzuri sana. Nadhani. Sijawahi kumtazama usoni. Ni mambo ya nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mkwe na mkwe, na watu wa Embu wanaishika kama sisi Wameru. Mume wa binti hatafuni mbele ya mama mkwe. Hamkodolei macho. Hamgusi hata kidole. Ukimgusa, faini ni mbuzi.

Na mimi sina pa kuteleza. Siku ya mahari wazee walinikuta nyuma ya jiko nikitafuna figo kabla ya maombi. Tangu siku hiyo Mama huniita Yule wa Figo. Kwenye arusi alisimama mbele ya kanisa lote akasema ana ng'ombe wa maziwa wa kumpa Rwamba, lakini kwanza anataka kujua kama binti yake ameolewa na mtu au na tumbo.

Rwamba alicheka na wengine, lakini usiku aliniambia yale maneno yalimchoma. Nimemwapia. Siku nne, sitatafuna kitu mbele ya mama yake. Ataona!

Jumatano, 6 Agosti

Tumepanda! Rwamba amevaa gauni la manjano na abiria wote wamegeuka. Nahodha pia, mpaka meli ikagusa matope.

Meza zimepangwa kulingana na tiketi. Tiketi yetu ni moja, kwa hivyo meza ni moja. Mimi huku, Mama kule, Rwamba katikati kama mpaka wa kaunti. Niliomba tuhamishwe. Pamejaa. Niliomba nikale chumbani. Chakula hakitoki ukumbini, ni sheria.

Mchana: mbuzi wa kukaanga, mukimo wa viazi na mahindi, samaki wa bwawa, chapati laini kama shavu la Rwamba. Nilikunywa chai ya rangi. Nilikodolea macho kikombe changu muda wote, kwa hivyo sijui Mama alikula nini. Bila shaka alikula vizuri.

Meza ya pili kuna mstaafu mmoja wa mjini Embu, Mzee Ndambiri. Sahani yake ilikuwa na kilima, na juu ya kilima samaki amelala. Akauliza kwa sauti ya mkutano mbona bwana arusi hali, au mahari ilimmalizia meno? Watu wakacheka. Jioni akauliza tena. Nilikunywa chai nyingine.

Rwamba alininong'oneza kwamba sili kwa sababu ya mapenzi. Nilimwachia wazo hilo. Lilikuwa zuri.

Lakini sina wasiwasi. Kuna cha usiku! Mama atakuwa amelala. Nitakula kiamsha kinywa, mchana na jioni, vyote kwa pamoja, saa saba usiku. Thamani yote ya tiketi kwa kikao kimoja. Akili ninayo!

Alhamisi, 7 Agosti

Kabichi.

Nilinyata saa saba kamili, nikakuta kabichi na mchuzi uliobaki kama machozi. Mpishi wa usiku ni Gitobu, mtu wa Muthara, kwa hivyo mtu wetu. Nilimuuliza kuku wamekwenda wapi. Alisema kuna mtu mzima mmoja wa Embu, huja mapema, hula kimya, hufuta mdomo na kuondoka. Amemaliza kuku. Nilimuuliza jina. Akasema mtu huyo amemwomba asimtaje, ana heshima zake.

Mtu mzima. Wa Embu. Mwenye njaa. Ndambiri!

Mchana alikuja na kilima kingine. Akaniuliza kama nimefunga ili mvua inyeshe. Ananimaliza mchana kwa maneno na usiku kwa kuku.

Rwamba aliamka usiku akakuta kitanda kitupu. Nilimwambia nilitoka kutazama nyota nikimtungia shairi. Macho yake yaling'aa. Akataka kulisikia. Nilimwambia macho yake ni kama punje za minji mibichi, mikono yake laini kama kiazi kilichopondwa, na nikimwona moyo wangu unatokota. Alisema hajawahi kuambiwa maneno kama hayo. Namwamini.

Ijumaa, 8 Agosti

Jana usiku nilitaka kwenda saa tano kamili. Lakini Rwamba alitaka tutazame nyota pamoja, sababu ya lile shairi. Tulikaa kwenye sitaha ya juu, kichwa chake begani mwangu, upepo wa bwawa, mwezi. Usiku mtamu kuliko wote wa maisha yangu. Tumbo langu lilinguruma, akadhani ni kiboko.

Nilifika kwa Gitobu saa nane kasorobo. Yule mtu wa Embu alikuwa amepita tena. Palikuwa na njahi, yale maharagwe meusi, na samaki wawili. Nilikula mmoja, wa pili nikamtia mfukoni kwa ajili ya kesho. Asubuhi Rwamba alimpata samaki huyo wakati akinikunjia suruali. Alimweka dirishani akaanza kuchana nywele zake polepole. Kisha akauliza, mgongo umenielekea, kama kuna jambo najutia. Nikasema hapana, hapana, hata kidogo. Sikuweza kueleza zaidi. Mama alikuwa anabisha mlango.

Mchana nilimvizia Ndambiri. Nikamwambia, kama rafiki, kwamba chakula cha usiku hujaza gesi, na kuna mzee alipasuka. Akasema yeye hajui hata kinaliwa wapi. Hunywa dawa za presha saa tatu na kulala kama gogo. Alisema bila kupepesa macho. Mwongo mzoefu!

Leo namshika. Saa nne na nusu nitaingia chini ya ile meza ndefu ya chakula. Kitambaa kinafika sakafuni. Nitamsubiri mpaka mkono uwe ndani ya sufuria, nimwaibishe, na kesho meza zote zijue tumbo ni la nani.

Jumamosi, 9 Agosti, alfajiri

Ewe shajara, nipokee.

Nilikuwa chini ya meza saa nne na nusu. Saa tano na dakika tano zikaja ndara za mpira, polepole. Juu yangu nikasikia mfuniko ukifunuliwa. Paja la kwanza likaliwa. La pili. Sauti ya mtu anayefurahia maisha yake! Mate yalinijaa.

Ndipo jenereta ikanyamaza. Giza tupu. Nikaona Mungu amenisaidia. Nilichomoka, nikaudaka mkono, nikapiga kelele kwamba leo nimekushika, mkomba masufuria wee, siku tatu unanimalizia kuku, tumbo kama gunia la mbolea!

Mkono ulikuwa mdogo. Ulikuwa na bangili. Ndambiri havai bangili.

Taa zikarudi.

Mama Ciakuthii aligeukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Gitobu alivua kofia yake ya upishi kama mtu aliyefika kwenye matanga. Ni mtu wa Muthara, hakuhitaji kuelezwa. Aliondoa masufuria, akavuta kile kitambaa cha meza, akasimama katikati amekinyanyua kwa mikono yote miwili.

Mama akasema, bila kugeuka, Gitobu amuulize huyo mtu anatafuta nini chini ya meza. Gitobu akaniuliza, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Mama. Nikamwambia Gitobu amwambie Mama kwamba natafuta chakula, kwa sababu sijala mchana hata mara moja tangu Jumatano. Gitobu akaeleza. Mama akasema Gitobu amuulize ni kwa nini. Nikasema ni nthoni. Naogopa kutafuna mbele yake.

Halafu Mama akasema, mwambie basi tuko wawili! Tangu Jumatano yeye pia anaishi kwa chai ya rangi pale mezani, maana mama gani mwenye haya anatafuna mbele ya mume wa binti yake? Alikuwa akitazama kikombe chake, mimi changu, na Rwamba katikati akila peke yake kama yatima. Na wale samaki wawili aliojiwekea akiba, wakapotea usiku uliotangulia, alikuwa amemlaani Ndambiri kwa ajili yao. Itabidi aiondoe hiyo laana.

Nikamwomba Gitobu aniombee msamaha wa lile gunia la mbolea. Mama akasema mwambie ni mbuzi. Nikasema mwambie nimekubali. Mama akasema na awe amenona. Nikasema atanona.

Kisha juu ya kitambaa ukatokea mkono wenye bangili na paja la kuku. Akasema Gitobu amwambie huyo mtu ale, vidonda vya tumbo haviogopi nthoni.

Tulikula. Yeye akitazama ukuta wake, mimi wangu, na Gitobu katikati na kitambaa chake. Paja la kwanza, la pili, chapati nne, mukimo. Nilisikia upande wa pili mtu akicheka ndani ya mchuzi.

Ndivyo Rwamba alivyotukuta. Alikuwa amejifunga leso, macho mekundu. Alikuwa amenitafuta meli nzima. Alimtazama mume wake, akamtazama mama yake, akamtazama Gitobu aliyening'iniza kitambaa kama kamba ya nguo. Aliketi sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Baadaye, chumbani, aliniambia kwamba alidhani nimejuta kumwoa, nikatoka usiku nione jinsi ya kurudi nchi kavu. Nilimshika mikono yote. Nilimwambia katika safari hii nimejutia kitu kimoja tu, kabichi. Akanipiga na mto. Nampenda! Nampenda!

Jumapili, 10 Agosti

Tumeshuka. Jana Gitobu alitundika kitambaa katikati ya meza yetu kwa vijiti viwili vya ufagio, na tukala mchana kweupe, mara tatu, kila mtu upande wake, Rwamba akipitisha chumvi. Ndambiri aliuliza kama tunapiga kura. Mama akamjibu kwa sauti kwamba sisi tuna heshima, yeye ana sahani. Sijawahi kumpenda mtu wa Kanja hivyo, ukimtoa Rwamba.

Njiani Rwamba alinipa uamuzi wa mama yake. Mimi si Yule wa Figo tena. Sasa ni Yule wa Chini ya Meza. Lakini mtu anayekaa na njaa siku tatu kwa kumstahi mama mkwe si tumbo, ni mtu. Ng'ombe anakuja! Mbuzi wangu atapishana naye njiani akienda Kanja.

Mbuzi aende, ng'ombe aje. Nani mwingine amefanya biashara kama hii kwenye fungate?

Rwamba anasema nisiongee kuhusu biashara. Amelala begani mwangu. Anakoroma kama chai.

Jumamosi, 23 Agosti

Ng'ombe amefika, mweusi mwenye nyota usoni. Rwamba alimkumbatia shingo akalia. Maziwa lita kumi na mbili. Mbuzi amekwenda Kanja, na habari zimerudi kwamba alikuwa mwembamba kidogo.

Nimejifunza mengi katika safari ile. Nitakuwa mtu mpya.

Leo meli imetuma ujumbe kwa simu. Krismasi! Siku tano! Lipa watatu, WATATU BURE! Na chakula cha usiku kimeongezwa mpaka saa tisa. Saa tisa! Nimelipia mara moja, kwa maziwa ya miezi minne niliyoyauza mapema kwa hoteli ya hapa Nkubu. Mimi, Rwamba na Mama tumelipiwa. Zile nafasi tatu za bure nilimwachia Rwamba achague, yeyote awapendao duniani. Akilini nilimwona Lorna na marafiki zake wembamba.

Amewachagua dada watatu wa mama yake. Kwa mila, wote ni mama wakwe zangu. Rwamba aliniuliza taratibu kama nimefikiria meza itakavyokaa. Nilimbusu paji la uso. Nilimwambia mume wake ana mpango.

Nimenunua mita tisa za kitambaa. Nimempigia Gitobu anihifadhie nafasi chini ya meza, upande wa kuku.