Matanga ya Jicho la Mama

Jumatatu, 5 Mei

Siku nzima hospitali ya serikali na Mama. Nimerudi na hasira ambayo hata chai imeshindwa kuituliza.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wiki jana alishona mkono wa gauni la bibi harusi akauziba kabisa, na bibi harusi akaja kugundua mbele ya wakwe. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mimi Ezéchiel, fundi bora wa Yeoville. Sasa anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa na kwa maombi.

Tumekaa benchi moja na wazee wa Johannesburg nzima. Nesi alikuwa mpole, jambo lililoniudhi zaidi. Akaeleza kwamba wazee wanaongezeka kila mwaka ila fungu la pesa liko palepale, na chumba cha kupasulia macho kinafanya kazi siku moja tu kwa wiki. Mama atapasuliwa mwaka 2028, miaka mitatu ijayo. Nikamwambia nesi kwamba Mama ana miaka sabini na tisa. Akasema hongera. Hongera! Ukutani kuna bango kubwa: Tunawaheshimu Wazee Wetu. Lina fremu ya kioo. Fremu ilipatiwa pesa.

Wakati wa kurudi Mama kaniuliza mbona nimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ilhali ni ya kijani. Ilikuwa nyekundu.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwa Thierry, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Bukavu. Anauza wigi. Anavaa miwani ya jua ndani ya duka, na macho yake ni mazima. Chama kina mfuko mmoja tu, wa matanga: mwanachama akifa, jeneza linapelekwa nyumbani kwa ndege. Nikaomba fungu la Mama litoke sasa, apasuliwe. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Akajibu, huku akichana wigi, kwamba mfuko ni wa wafu. Wagonjwa wanaombewa. Nikauliza kwa nini Mama apandishwe ndege siku ambayo hawezi hata kuchungulia dirishani, na leo anapohitaji kuona apewe sala. Akasema nisikufuru.

Kwa hiyo serikali inasema pesa hakuna, na chama kinasema pesa ipo lakini kwanza ufe. Nimeghadhibika hadi nimekata suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Nitamwambia ndiyo mtindo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata wazo. Mama atakufa leo.

Kufa kufaana, walisema wahenga, na hawakutaja cheti. Nimempeleka Mama mtaa wa La Rochelle, hapahapa Johannesburg, kwa dada yangu Arlène, nikamwambia chumba changu kina baridi, akapumzike huko. Arlène sikumwambia kitu, hajui kunyamaza. Kwenye kundi la simu la chama hayumo tangu agombane na Thierry kwa sababu ya wigi iliyonyonyoka kanisani. Jioni nikatuma tangazo la kifo kwenye kundi, na picha ya mshumaa.

Mfuko ukitoka, Jumatatu tuko mjini kwa daktari wa kulipia. Kisha Mama atafufuka. Nitasema hospitali ilichanganya majina. Nani atabisha kwamba hospitali ilikosea?

Sioni kasoro.

Jumamosi, 10 Mei

Kasoro. Nilisahau kwamba matanga huja na watu.

Asubuhi turubai lilikuwa limeshafungwa uani, viti vimekodiwa, na kina mama wameteka jiko langu na kunitoa nje. Kwetu waombolezaji hawaondoki mpaka mwili uondoke, na mwili uko La Rochelle unasikiliza redio. Wakachinja mbuzi wawili. Nikauliza nani analipa. Wakanitazama kwa huruma, wakadhani uchungu umenivuruga. Ni mfuko, wakasema. Chakula cha matanga kiliwahi kulipwa na nini kingine?

Kisha wakataka kwenda mochwari wamwoshe Mama na kumvika. Nikasema wafanyakazi wamegoma. Wote wakatikisa vichwa, wakaamini papo hapo. Hata hilo limenikasirisha.

Thierry kalia kuliko wote na kula mara tatu. Mama amekuwa akigonga milango kwa uso mwaka mzima, na hakuna aliyepita hata na ndizi moja. Leo mtaa mzima uko uani kwangu unasema alikuwa nguzo. Nilitaka kusimama juu ya kiti niwatukane mmoja mmoja kwa jina. Mfiwa hafanyi hivyo. Nikakaa chini nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Jumapili, 11 Mei

Leo ni Siku ya Mama. Hilo nilikuwa sijalipigia hesabu.

Arlène alitaka kunifurahisha, akamleta Mama kanisani kwetu, ghorofa ya pili ya lile jengo la zamani mjini. Yeye akabaki chini akimlipa dereva. Mama akapanda ngazi peke yake akishika ukuta, akaingia, akakaa kiti cha nyuma. Sote tulikuwa tumetazama mbele. Thierry alikuwa kwenye kipaza sauti akimsifu marehemu, mwanamke aliyewavisha wana wa Bukavu, asiye na mfano. Nikasikia amina moja nyuma yangu. Naijua amina hiyo tangu nizaliwe.

Mama akamwinamia jirani yake, akasema huyu aliyefariki inaonekana alikuwa mtu mwema sana, ni nani? Jirani akageuka kumjibu. Akaanguka na kiti chake.

Sitaandika kelele zote. Thierry alivua miwani, akasema njia ya mwongo ni fupi, akadai pesa zilizokwisha kutolewa kwa matanga zirudi kwenye mfuko mara moja. Hapo Mama akasimama. Aliwauliza wangapi kati yao amewachangia jeneza la baba au la mtoto. Akasema amewachangia wote, hata wasiojua kusalimia, na yeye alipopofuka wakampa amina. Kisha akauliza tangu lini mchango wa matanga ukarudishwa mfukoni, mkosi wote huo nani ataubeba? Mchango ni wa maiti. Maiti ni yeye. Apewe.

Akampa Arlène mkono, wakashuka ngazi. Mimi hakunisemesha. Hilo liliniuma kuliko matusi yote ya Thierry, na yalikuwa mengi.

Jumatano, 28 Mei

Walimpa. Hakuna aliyethubutu kupokea mkosi. Lakini Thierry amelifuta jina la Mama chamani, kwa kuwa chama hakiziki mtu mara mbili. Mama amesema sawa, azikwe hapahapa. Mimi nimehukumiwa kushona sare za kwaya nzima bila malipo.

Daktari alipiga hesabu ya kilichobaki: jicho moja. La pili limeliwa na waombolezaji, pamoja na vitunguu na viti vya kukodi.

Leo bandeji imetoka. Mama amekaa kwenye cherehani, akatunga uzi mara ya kwanza tu, akacheka peke yake. Akachukua sare nilizomaliza, akazitazama, akaanza kuzifumua moja baada ya nyingine. Kisha akaniita karibu na dirisha, akanishika kidevu, akaniangalia kwa muda mrefu. Hajaniona vizuri siku nyingi. Akasema Ezéchiel, mwanangu, umezeeka. Mvi zote hizi za lini? Nikajifanya natafuta mkasi.

Ni kweli, mwezi wa kumi natimiza sitini. Goti la kushoto linalia nikipanda ngazi, na hospitali itanipa tarehe ya mwaka gani sijui. Jicho la pili la Mama bado lina ukungu. Nina hasira na wote: nesi, bango, Thierry, mbuzi.

Lakini jina langu mimi halijafutwa. Nimemwuliza Arlène kama ana nafasi kwake wikiendi ijayo, nahitaji kupumzika siku mbili tatu. Kosa la mara ya kwanza nimeshaliona, lilikuwa ni jiko. Safari hii tangazo litasema wazi kwamba marehemu aliacha wosia, kila mwombolezaji aje na chakula chake.