Pango la Rubondo

Jumamosi, 7 Juni

Pango langu la leo limekufa. Wiki nzima nimelichora: vyumba chini ya ardhi, mazimwi, hazina mwishoni. Mchezo wetu ndio huo. Mimi nasimulia pango, ndiyo maana huniita Mwalimu; wenzangu ni mashujaa, kete zinaamua nani apone. Rafiki yangu Ushindi alisema kila mlango wangu una zimwi nyuma yake, hata mtoto angejua. Bienvenu akapiga miayo mbele ya wote. "Mwalimu, mu pango yako watu banalala tu." Akatangaza kwamba Jumamosi ijayo nikishindwa tena, atasimulia yeye. Wote wakakubali. Hata Ushindi.

Darasani nikiitwa, sauti hukwama. Ni kwenye pango tu watu hunisikiliza. Wakininyang'anya nafasi hiyo, nitakuwa bubu kamili.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu. Baba mdogo Léopold alinipeleka Mbarara nimsaidie kubeba bidhaa za duka lake la Misiera, kijiji jirani. Nilifurahi, kwani pango zuri huzaliwa na mahali halisi. Alipokuwa akibishana bei nikajipenyeza hadi kambi ya jeshi, nikaanza kuchora. Ukuta mrefu, lango la chuma. Pango tayari.

Mwanajeshi aliyeitwa Afande Ignatius akaja polepole, akauliza nachora nini. Sijui kudanganya. Nilimjibu kwamba natafuta mahali ambapo watu wanne wanaweza kuingia bila mlinzi kuwaona.

Nikakalishwa kwenye changarawe mpaka baba mdogo alipokuja kuniombea. Afande alisikiliza habari za mazimwi, akacheka kidogo, akachana karatasi. "Wewe mtoto ya shule. Kama unataka kuchora, enda chora kwenu."

Baba mdogo alinibebesha mizigo yote njia nzima. Lakini ushauri wa afande ni mzuri.

Jumatano, 11 Juni

Baada ya shule nilichukua kamba ya kuanikia nguo na kibao cha kuandikia, nikaenda upande wa pili wa Rubondo, kijiji chetu cha wakimbizi, wasikonijua, ili nisione haya. Nikapima nyumba, njia, mashamba, hadi kanisani. Kila shamba litakuwa chumba. Mama mmoja aliuliza ni nani amenituma na ninapima nini. Nikaogopa siri ya pango isimfikie Bienvenu. Nikamwambia siruhusiwi kusema, Jumamosi wataona wenyewe. Akaweka jembe chini. Nilidhani ni heshima.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi mama yule yule kaingia uani kwetu akihema. Kumbe ndiye Mama Nabintu, anayeimba kwaya na mama. Nikajifunika blanketi hadi utosini. Alisema kijana wa ofisi inayotugawia ardhi ameonekana kwao na kamba, Jumamosi batakata mashamba, bapatie bageni, bakimbizi bapya. Akamhimiza mama: "Eugénie, ng'oa maharagi yako leo. Kesho kutwa haitakuwa yako."

Nilitaka kusema. Neno likafika kooni, likawa kikohozi. Mama akanigusa paji la uso, akasema nina homa, nisiende shule, akatoka kwenda shambani peke yake. Mchana majirani wote walikuwa wanang'oa. Maganda bado kijani. Chakula chetu cha miezi kimelala uani, kibichi.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuna aliyekuja kukata shamba. Mvua ndiyo iliyokuja. Mama anageuzageuza maharage, yameshika ukungu. Hamlaumu mtu. Anashukuru kwamba homa yangu imepona.

Pango langu ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuchora. Lakini nikilisimulia, watajua kamba ilikuwa ya nani. Nikasema sina pango. Bienvenu akakaa mahali pangu. Hadithi yake: kijiji kinanyemelewa na mpimaji mwenye kamba, na kila anapopima panakauka. Ushindi akasogea karibu asikie vizuri. Hakuna aliyesinzia. Mimi nilipewa upanga. Kete zikanipenda. Mimi ndiye niliyemkata mpimaji kichwa, na wenzangu wakanipigia makofi.

Nimetafakari sana kosa langu liko wapi. Nimeliona. Rubondo ni karibu mno, watu wanajuana hadi kwenye kwaya. Kesho baada ya ibada nakwenda Endiinzi kupima mazizi ya ng'ombe. Wafugaji wa kule hawanijui kabisa.