Safari ya Gofu ya Lorcan Tiernan, Kapteni Mtarajiwa

Jumatano, 14 Mei

Tumeondoka Ballinacarra. Mvua! Kila mtu basini anasema ni manyunyu tu. Watu wamelowa mpaka soksi, na bado ni manyunyu.

Ni safari ya gofu ya klabu yetu, kama kila mwaka: tunashuka pwani ya Mayo, tunapita Sligo, tunamalizia Donegal. Dereva na kiongozi wetu ni Concepta Ruane, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hajaweka chini kipaza sauti tangu tutoke getini. Kila ngome iliyobomoka ana kisa chake, na kila kisa lazima mtu azame.

Mimi sikufuata ngome. Mzee Bartle Keaveney, Kapteni wetu, mwalimu mkuu mstaafu, anamaliza mwaka wake. Desturi ya klabu ni kwamba Kapteni anayeondoka ndiye anayemtaja ajaye. Katangaza humu basini kuwa atamtaja Jumapili, kwenye chakula cha mwisho. Moyo ulinilipuka nikamwaga chai mapajani.

Nautaka ukapteni. Nasema wazi, humu hasomi mtu. Jina kuandikwa ukutani kwa dhahabu, sawa, si vibaya. Lakini hasa nataka ile nafasi ya kuegesha gari pale mlangoni, yenye kibao KAPTENI. Miaka yote naegesha kule mwisho, chini ya miti ya kunguru. Mimi! Dalali wa nyumba mwenye heshima zake, gari limepigwa chokaa na ndege! Nawapeleka wateja kuangalia nyumba, wao wanaangalia paa la gari langu.

Mpinzani ni mmoja tu, Jarlath Fallon, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Imelda. Kazi yake ni mazishi. Amezika nusu ya wilaya, na nusu iliyobaki inampenda.

Mkakati wa kwanza: kukaa na Kapteni. Nimepanda basi, namkuta Jarlath keshakaa pale, anampa peremende. Wananong'ona! Nimeishia nyuma kabisa, juu ya gurudumu, na mabegi ya fimbo za gofu. Concepta kaniuliza kwenye kipaza sauti, mbele za watu wote, kama huko nyuma nimenuna au ndiyo sura niliyozaliwa nayo. Basi zima likacheka. Jarlath pia kacheka, kisha kanirushia peremende. Sikuila. Nimeila baadaye.

Alhamisi, 15 Mei

Mkakati wa pili, huu wa kisayansi. Kapteni hajamshinda mtu tangu Krismasi, na leo nimepangwa kucheza naye. Basi nitashindwa! Nitashindwa kwa adabu, bila kuonekana. Atarudi na furaha, na furaha yake itakuwa na sura yangu.

Sijui nianzie wapi. Mwenyezi Mungu ana utani na mimi. Nikiukusudia mpira mchangani, unaruka mchanga. Nikiukusudia kwenye nyasi ndefu, unagonga jiwe na kurudi njiani. Sijawahi kucheza vizuri hivi maishani! Kapteni akaanza kupumua kwa pua.

Tukafika lile shimo lililo ukingoni mwa jabali, bahari chini inachemka. Nikasema hapa ndipo. Nikageuza mabega, nikaupiga mpira kuelekea Amerika. Upepo ukaudaka. Ukaurudisha! Ukagonga ukuta wa mawe, ukadunda, ukabingirika taratibu kwenye nyasi laini, ukatumbukia shimoni. Pigo moja! Watu hucheza miaka hamsini wasilione hilo. Nikapiga kelele "Hapana!" Kapteni akabeba begi lake, akatangulia.

Na kwetu anayetumbukiza kwa pigo moja hununulia baa nzima vinywaji. Baa ilikuwa na basi zima la watu wa Cork, ambao hawakuwa na haraka. Wakaniimbia. Kapteni kaagiza maji.

Faraja ndogo: nimeokota mpira wa Jarlath kwenye majani. Najua ni wake, ana desturi ya kuichora mipira yake msalaba mweusi, mambo ya kazi yake. Nimeutia mfukoni. Aliutafuta kwa muda mrefu, nami nikamsaidia kutafuta.

Ijumaa, 16 Mei

Sligo. Tumefikia nyumba ya wageni ya Mama Gilhooly, mjane, mtu wa watu. Supu nzito ya samaki, mkate wa soda, siagi ya kutosha. Ameniita mwanangu, nami nina miaka sitini na moja.

Kesho ni uwanja wa Carrowdoon. Kapteni ameuota tangu ujana. Kaja mara kadhaa, na kila akija mvua inaufunga. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia ataufikia akiwa mbinguni. Leo mezani kasimulia hayo, akasukuma sahani pembeni. Concepta naye, badala ya kumfariji mzee, kasema utabiri wa kesho ni mvua ya kumfanya samaki aombe mwavuli.

Ndipo wazo likanijia. Aliyemletea mzee huyu jua, atamnyima nini?

Kwenye kona ya ngazi pana kisanamu cha Mtoto wa Praha: Mtoto Yesu, joho jekundu, taji, mkono juu anabariki. Kila nyumba ilikuwa naye zamani. Ukitaka jua siku ya harusi, jioni ya kuamkia siku hiyo unamtoa nje unamweka chini ya kichaka. Mama yangu alimtoa kwa ajili ya harusi yangu na Imelda. Ikanyesha mvua ya mawe, lakini mama alisema kosa ni lake, alimgeuza uso ukutani.

Baada ya chakula nimemtoa nje, nimemficha ndani ya koti, nikamweka uani chini ya kichaka cha waridi, uso kuelekea Carrowdoon. Hakuna aliyeniona.

Jarlath na Kapteni wanaongea tena sebuleni. Nilipoingia wakanyamaza! Wananiteta. Nimepanda ngazi na kushuka mpaka Mama Gilhooly kauliza kama nina minyoo.

Jumamosi, 17 Mei

JUA! Jua kamili, mbingu haina hata uzi wa wingu! Nimekimbia uani na fimbo yangu kwa furaha, nikasema nipige mapigo mawili matatu hewani kunyoosha mgongo. Nyasi zina umande. Mikono ina umande. Fimbo ikachomoka.

Kichwa cha Mtoto wa Praha kimeangukia kwenye tuta la karoti za Mama Gilhooly.

Yesu na Maria! Wazee husema akivunjika shingo ndiyo anakuwa mkali zaidi kwa jua, sharti iwe bahati mbaya. Basi leo ilikuwa bahati mbaya tupu, maana jua lilizidi kuwaka palepale. Lakini Mama Gilhooly je? Kile kisanamu alipewa na mama yake siku ya harusi!

Nilifikiri haraka. Nikirudisha kiwiliwili peke yake, ataona. Nikapapasa mfukoni: mpira. Nikaunasa shingoni kwa ubani wa kutafuna, nikamfunika leso kama mtu mwenye mafua, nikamrudisha kwenye ngazi. Kwa mbali alikuwa anapendeza. Kichwa chenyewe? Mabegi ya fimbo yalikuwa yamejipanga barazani. Begi la Jarlath lilikuwa wazi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Mama Gilhooly alipanda na mashuka. Ukelele wake uliwatoa watu vyumbani na sabuni usoni. Kakaa kwenye ngazi kakumbatia kile kiwiliwili, analia, anasema jamani wanangu, mimi nimewakosea nini? Nikakosa pa kutazama. Kidogo niseme. Kidogo tu.

Kapteni akageuka mwalimu mkuu. Katupanga ukumbini kama darasa la tatu. Kaushika mpira, kaona msalaba mweusi. Kalifungua begi la Jarlath, katoa kichwa.

Concepta akasema, "Haa, kumbe msiba umebebwa na mwenye kazi yake."

Jarlath akakitazama kichwa. Akanitazama mimi. Akarudi kukitazama kichwa. Kisha akasema, polepole, "Ni mimi, mama. Nisamehe. Niachie leo nimshughulikie."

Amekubali! Mtu hakufanya na amekubali! Sikuelewa, na sikutaka kuelewa. Yeye akabaki, sisi tukaenda Carrowdoon. Uwanja wa peponi! Vilima vya mchanga, mawimbi, mlima kule nyuma umevua kofia. Kapteni kacheza vizuri kuliko siku zote. Tulipofika shimo la mwisho akavua miwani, akaifuta, akasema hakumtarajia Jarlath afanye vile. Nikahema kwa huzuni. Nikasema shemeji ni shemeji, lakini ukweli ni ukweli, na kwamba kwa upande wangu napenda sana sanamu.

Tumerudi jioni. Mtoto wa Praha yuko kwenye ngazi. Mzima! Hata alama shingoni hakuna. Mashavu yana damu, midomo inataka kutabasamu, kidole kilichokuwa pungufu tangu zamani kimerudi. Jarlath alikwenda kwa mwenzake wa kazi pale mjini, akaazima nta na rangi za kurembea maiti, akakaa naye kutwa nzima. Uwanja wa Carrowdoon hakuuona. Mama Gilhooly kambusu mikono yote miwili, kasema Mtoto hakuwa na sura hiyo hata siku alipopewa. Wote wakapiga makofi. Kapteni kapenga kamasi kwa kishindo.

Nikapiga makofi na mimi. Ningefanyaje?

Jumapili, 18 Mei

Donegal. Kondoo, upepo, manyunyu ya kawaida. Gofu sikumbuki.

Chakula cha mwisho. Kondoo wa kuoka, viazi vya namna tatu. Kapteni kasimama, kagonga glasi. Kasema kucheza gofu kila mtu anaweza, hata Lorcan siku moja moja. Kicheko. Kasema mtu anayeungama mbele za watu, akaacha uwanja wa ndoto kurekebisha alichovunja, huyo ndiye Kapteni. Jarlath Fallon!

Meza zikapigwa ngumi. Concepta kapiga mluzi. Jarlath kainuka, kasema kwamba hapana, tafadhali, wamchague mwingine. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kushangilia unyenyekevu wake.

Nimetoka nje, kwenye ukuta ulio kando ya bahari. Akanifuata. Kasema, "Shemeji, nikwambie kitu na usinikasirikie. Siku zote hizi pale kiti cha mbele nilikuwa nakuombea wewe." Kasema Kapteni alikuwa mgumu, hasa baada ya lile pigo moja, lakini Ijumaa pale sebuleni alikubali. Jina lilikuwa langu. Langu! Asubuhi yake Jarlath akiwa anajinyoa aliniona dirishani na fimbo, akaona mpaka karoti. "Ningesema ni wewe, ungeukosa ukapteni. Nikajua nikibeba mimi, mimi sina cha kupoteza. Kumbe mzee anapenda watu wa kuungama!"

Kitu kilinikaba kooni. Nadhani ni kiazi.

Akanishika bega, akasema nisijali. Nyonga yake mbovu, Novemba atafanyiwa upasuaji, na baridi yote atakuwa kitandani. Atanifanya Kaimu. Nafasi ya mlangoni nitaegesha mimi mpaka masika, na amekwisha mwambia Kapteni, naye hakupinga. Kasema, "Wewe tulia tu, shemeji. Usifanye kitu. Niahidi hutafanya kitu."

Nimeahidi.

Jumatatu, 19 Mei

Njia nzima ya kurudi nimekaa mbele, Jarlath alinipisha kiti. Nimetulia. Mikono mapajani. Concepta kaniuliza kama nimekufa, maana mtaalamu wa mazishi tunaye humu humu.

Nimetafakari sana, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Ningetumia mpira wa mtu mwingine, kama yule daktari wa meno wa klabu yetu.

Nimefika nyumbani saa ya chai. Imelda kauliza safari ilikuwaje, nikasema njema. Kauliza kwa nini natembea tembea, nikasema nanyoosha miguu. Sasa hapa nawaza: Kaimu ni kitu gani? Kaimu ni mpangaji. Mwenye nyumba akipona, unatoka. Na je, ile nyonga ikipona upesi? Madaktari wa siku hizi hawaaminiki, wanamkata mtu Jumatatu, Jumatano anacheza ngoma. Lakini kama Kapteni angejua tangu sasa kwamba Jarlath ni mgonjwa sana, mgonjwa kupita kiasi, si angebadilisha jina moja kwa moja na mambo yakaisha? Tena ni kwa faida ya Jarlath mwenyewe. Apumzike.

Nimempigia Kapteni simu. Nimefunika kipokeo kwa leso, nikakaza sauti puani, nikasema mimi ni daktari bingwa wa nyonga kutoka Dublin, nina wasiwasi mkubwa kuhusu Bwana Fallon, hawezi kabisa kubeba majukumu ya klabu, na jina la shemeji yake Tiernan linasifiwa sana hata huku hospitalini.

Kapteni kanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha kasema, "Nimekuelewa, Lorcan. Nitampigia Jarlath sasa hivi," akakata.

Labda amebahatisha tu.